Msalaba Juu ya Ua la Yungiyungi

Somo: Matendo ya Mitume 17:16-34



Vijana wetu wakirudi nyumbani kutoka vyuoni huuliza swali hili: "Mchungaji, Budha alifundisha huruma, naye Yesu alifundisha upendo. Je, mtu hawezi kuwafuata wote wawili?" Wazazi wengine hukasirika wakisikia hivyo. Lakini swali hili si la kukemewa, ni la kujibiwa. Wala si geni, maana Wakristo wa China walikutana nalo zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Mwaka 635 mtawa aitwaye Alopen, wa lile Kanisa la Mashariki lililokuwa na mizizi yake Uajemi, alifika Chang'an, mji mkuu wa China. Mfalme Taizong alimpokea, na mwaka 638 akatoa ruhusa Injili ihubiriwe, na nyumba ya watawa 21 ijengwe. Mwaka 781 Wakristo wakasimamisha jiwe kubwa la ukumbusho. Maneno yake yalitungwa na kasisi aliyeitwa Adamu, na kwa Kichina Jingjing. Jiwe hilo lilifukiwa ardhini, likafukuliwa katika miaka ya 1620, na hata leo limo katika jumba la makumbusho mjini Xi'an, ndiyo Chang'an ya zamani. Juu yake umechongwa msalaba, na chini ya msalaba kuna ua la yungiyungi. Kwa Wabudha ua hilo ni alama ya usafi, kwa kuwa huota matopeni na halichafuki.

Je, Wakristo wale walikosea? Tusiwahukumu upesi. Sisi wenyewe maneno kama imani, dhambi na sala yametufikia kwa njia ya Kiarabu, lugha iliyotangulia pwani yetu pamoja na Uislamu. Mtume Paulo naye, huko Athene, alianzia kwenye madhabahu ya wenyeji. Ua la jirani laweza kuchukua msalaba, mradi msalaba ubaki msalaba.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Miaka michache baadaye akaja Chang'an mtawa wa Kibudha kutoka pande za India, jina lake Prajna. Yeye na Jingjing wakafanya urafiki, wakaketi pamoja kutafsiri kitabu cha Kibudha kwa Kichina. Prajna hakukijua Kichina vizuri. Jingjing hakujua lugha takatifu ya Wabudha, wala hakuyaelewa mafundisho yao. Kazi ilipopelekwa kwa Mfalme Dezong, akaikataa. Aliona kwamba haieleweki, na mafundisho yamevurugika. Akaamua dini hizi mbili zisichanganywe: Jingjing afundishe habari za Masihi, nao watawa wa Budha waeneze maandiko ya Budha.

Ndugu msikilizaji, jambo hili lanishangaza kila nilisomapo. Mfalme ambaye hakuwa Mkristo ndiye aliyemkumbusha kasisi kazi yake!

Naye alisema kweli. Budha alifundisha kwamba maisha yamejaa mateso, na chanzo cha mateso ni tamaa. Mtu akiifuata njia yenye sehemu nane, tamaa huzimika naye huwa huru. Katika njia hiyo hakuna Muumba wa kuungama mbele zake, wala Mwokozi wa kulipa deni. Mtu hutembea kwa miguu yake mwenyewe. Sisi twakiri kwamba shida yetu ni dhambi, yaani kumwacha Mungu aliyetuumba, na kwamba hatuwezi kujiokoa. Mungu mwenyewe alikuja, akafa, akafufuka. Hatungojei kuzimika kama taa. Twangojea ufufuo wa mwili. Tunaweza kuwaheshimu Wabudha kwa upole wao na kujizuia kwao, tena wengi watatuaibisha kwa hayo. Lakini barabara mbili zikienda miji miwili, mtu mmoja hawezi kuzisafiri zote kwa wakati mmoja.

Mwaka 845 Mfalme Wuzong alifunga nyumba za watawa wa Kibudha zaidi ya 4,600, na amri ile ile ikawapiga Wakristo. Dini ya Budha iliinuka tena, kwa maana ilikuwa imeshika mizizi kwa wananchi. Kanisa, ambalo wengi wake walikuwa wageni na lilitegemea hisani ya wafalme, likafifia. Sisemi kwamba lile ua ndilo lililoliua kanisa. Nasema kwamba imani isiyoshika mizizi mioyoni mwa watu haistahimili dhoruba.

Basi mzazi, usimfukuze kijana aulizaye. Keti naye. Nawe kijana, usichanganye mambo mawili usiyoyajua vizuri, kama alivyofanya Jingjing. Mjue kwanza Kristo uliyebatizwa katika jina lake. Kisha mpende jirani yako Mbudha, msikilize kwa adabu, umweleze bila kuficha tumaini lililo ndani yako. Kumficha Kristo ili tupatane naye si upendo.

Tuombe. Ee Bwana, utupe mioyo yenye heshima kwa watu wote, na vinywa visivyoona haya kwa ajili ya msalaba wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.