Wati 50 za redio ya gari zinatoka wapi?

Nenda mnadani Katesh au Haydom utalikuta: gari limeegeshwa pembeni, buti wazi, spika zinatazama watu, mwenye bidhaa anataja bei huku muziki ukimsindikiza. Volyumu ikiwa nusu, kila neno linasikika. Akiipandisha ili iwafikie na wale walioko kwenye ng'ombe upande wa pili, sauti inaanza kupasuka, besi inageuka mkwaruzo. Wengi watakwambia spika ni feki. Wakati mwingine ni kweli. Ila mara nyingi tatizo ni volti 12, na ugomvi wa redio na betri ya gari una karibu miaka 100.

Hata ujanja wenyewe wa kuegesha gari na kufungulia sauti si wa jana. Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago aliendesha Studebaker yake hadi Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio wa Marekani. Banda ndani hakuwa nalo. Akaegesha nje, akafungulia redio aliyoifunga garini, akangoja watu wageuke. Waligeuka. Redio hiyo ikauzwa kwa jina la Motorola.

Redio za enzi hizo zilitumia valvu, na valvu zilitaka volti zaidi ya 100, wakati betri ya gari ilikuwa na volti 6 tu. Mwanzoni gari lilibeba betri za ziada kwa ajili ya redio peke yake. Baadaye ikaja vaibreta: ulimi mdogo wa chuma unaotetemeka, ukikata na kuunga umeme haraka haraka ili transfoma iweze kuupandisha. Ilivuma kama nyuki na ilichakaa, lakini ilifanya kazi. Katikati ya miaka ya 1950 magari mengi ya Marekani yakahamia volti 12, na mwaka 1955 Philco na Chrysler wakatangaza redio ya gari ya transista tupu. Transista inaridhika na volti hizo chache, kwa hiyo vaibreta ikastaafu.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini ndipo dari lilipowekwa. Amplifaya haizalishi umeme, inachukua wa betri na kuutoa kwa kufuata umbo la sauti. Ukiidai volti 20 wakati ina 14, itatoa 14 na kuishia hapo. Kilele cha wimbi kinakatwa, kinabaki bapa kama paa la tembe la Kiiraqw. Sikio linausikia ule ubapa kama mkwaruzo, kwa sababu kona kali za wimbi ni sauti nyembamba mpya ambazo mwimbaji hakuziimba.

Hivi, hakuna dawa? Dawa moja ilipatikana Agosti 2, 1927. Harold Black, mhandisi wa simu, akiwa kwenye kivuko akienda kazini New York, alichora kwenye ukurasa wa gazeti wazo la kurudisha sehemu ya sauti inayotoka ili ilinganishwe na ile inayoingia, kosa lisahihishwe papo hapo. Wazo lilionekana la ajabu kiasi kwamba hataza aliipata 1937. Leo limo karibu katika kila redio ya gari. Ila kusahihisha kunahitaji akiba, na amplifaya ikigonga dari haina akiba tena. Ndiyo maana redio za sasa zinaimba safi, safi, halafu ghafla zinapasuka.

Dawa ya pili ni kuipa spika moja amplifaya mbili, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Nguvu inafuata mraba wa volti, kwa hiyo mbinu hiyo inaizidisha karibu mara nne. Sasa tupige hesabu. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni kama volti 14.4, na spika ya kawaida ina omu 4. Wimbi safi litapata, kwa hesabu ya juu kabisa, wati 26. Kivitendo ni kama 20. Mbona usoni pa redio pameandikwa 50 mara 4? Chukua 14.4 mara 14.4, gawa kwa 4: karibu 52. Hiyo ni nguvu ya wimbi lililokatwa kabisa, bapa juu na bapa chini. Yaani namba inayouza redio ni ile ya sauti iliyokwisha kupasuka!

Zima injini, kama wengi wanavyofanya mnadani kuokoa mafuta, volti zishuke hadi 12.6, na robo ya nguvu imeondoka. Zikifika 11 kwa sababu ya waya mwembamba au nati ya bodi yenye kutu, wati 26 zinakuwa 15. Ukiongeza besi kwa desibeli 6, unaidai amplifaya nguvu mara nne kwenye zile besi.

Kwa hiyo kabla ya kununua spika nyingine, rudisha besi kwenye sifuri. Hamisha sauti kushoto, kisha kulia. Ikikwaruza upande mmoja tu, shuku spika au waya wake. Ikikwaruza kote, mwombe fundi apime volti penye amplifaya yenyewe, muziki ukiwa juu, si kwenye betri muziki ukiwa umezimwa. Na anayetaka sauti kubwa kweli atanunua amplifaya ya pembeni, ambayo ndani yake inapandisha zile volti 12 kwa transista zinazokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ni vaibreta ileile, safari hii haivumi. Ila ikitoa wati 300 itavuta zaidi ya ampea 20 kutoka kwenye betri, na waya wa redio ya zamani hauziwezi.