Kutoka pingu hadi cheti: historia ya wasaidizi rika wa afya ya akili Minnesota

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ipo kazi moja ambayo daktari bingwa hawezi kuipata kwa shahada zake pekee. Ni kazi ya msaidizi rika wa afya ya akili. Sheria ya jimbo inamtaka anayeiomba awe amepimwa na kukutwa na maradhi ya akili, awe anatibiwa au aliwahi kutibiwa, na awe na cheti halali cha mafunzo. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, iliyojengwa kandokando ya mto Mississippi, wasaidizi hao wanaajiriwa kwenye vituo vya dharura, katika nyumba za matunzo na kwenye timu za matibabu zinazowafuata wagonjwa majumbani.

Neno rika kwa Waswahili si umri peke yake. Waliopita jandoni pamoja ni rika moja, na anayewaongoza wari lazima awe ameipitia njia hiyo yeye mwenyewe. Hivyo ndivyo neno hili linavyotumika hapa. Msaidizi rika ni mtu aliyelazwa, aliyemeza dawa, aliyekimbiwa na marafiki, kisha akasimama tena, na sasa anamshika mkono anayepita palepale. Wahenga walilisema mapema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, ilichukua muda mrefu kabla ya serikali kuyatia maneno hayo katika sheria na kuyalipia mshahara. Kisa cha Minnesota kinaonyesha kwa nini.

Fikra yenye umri wa karne mbili

Wazo la kumtumia aliyepona kumhudumia mgonjwa halikuzaliwa Marekani. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, wodi ya wagonjwa wa akili ilisimamiwa na Jean-Baptiste Pussin. Yeye hakuwa daktari. Aliwahi kulazwa hospitalini humo kwa maradhi ya tezi, akapona, akabaki kama mfanyakazi. Pussin alipendelea kuwachagua wahudumu wake miongoni mwa wagonjwa waliopata nafuu, kwa kuwa aliona hao hawana mkono mwepesi wa kupiga. Mwaka 1797 aliwaondolea wagonjwa wake minyororo. Daktari Philippe Pinel, aliyejifunza mengi kutoka kwake, ndiye aliyepata umaarufu kwa jambo hilo.

Nchini Marekani, Clifford Beers, kijana msomi aliyewahi kulazwa katika hospitali kadhaa za wagonjwa wa akili, alichapisha mwaka 1908 kitabu kinachosimulia mateso aliyoyapata humo. Mwaka uliofuata alishiriki kuunda kamati ya kitaifa ya kupigania afya ya akili. Jamii ilimsikiliza kama shahidi wa mabaya yaliyotendeka. Kumpa aliyewahi kuugua kazi ya kuwahudumia wengine kulikuwa bado jambo la mbali.

Moto wa Anoka

Huko Minnesota, hospitali ya kwanza ya serikali kwa wagonjwa wa akili ilifunguliwa mjini Saint Peter mwaka 1866. Kufikia miaka ya 1940 jimbo lilikuwa na hospitali 7 za aina hiyo, zenye maelfu ya watu waliofungiwa humo, wengi wao kwa maisha yao yote.

Mwaka 1940 mwanamke mmoja aitwaye Engla Schey, binti wa wahamiaji kutoka Norway, aliajiriwa kuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya Anoka, kaskazini mwa Minneapolis. Mshahara wake ulikuwa mdogo na cheo chake cha chini kabisa, lakini aliona kila kitu, na hakukubali kukaa kimya. Jitihada zake pamoja na za waumini wa kanisa la Unitarian zilimfikia gavana wa wakati huo, Luther Youngdahl. Mwaka 1948 mwandishi Geri Hoffner wa gazeti la Minneapolis Tribune alizizungukia hospitali hizo na kuandika mfululizo wa makala zilizowashtua wasomaji.

Mwaka 1949 Bunge la jimbo lilipitisha sheria mpya ya afya ya akili. Miongoni mwa mambo iliyoyaleta ni kwamba mgonjwa na mfanyakazi wale chakula cha aina moja. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo gavana Youngdahl alikwenda Anoka na kuwasha moto uwanjani. Yaliyoteketezwa yalihesabiwa: makoti 359 ya kuwafunga wagonjwa mikono, pingu 196, mikanda 91 na glavu 25 za turubai. Katika hotuba yake aliwakumbusha watu enzi za Salem, ambako zaidi ya miaka 250 kabla ya siku hiyo watu walishutumiwa uchawi na kuuawa.

Youngdahl aliondoka madarakani mwaka 1951 alipoteuliwa kuwa jaji, na ari ya mageuzi ikapungua. Pamoja na wema wake wote, moto ule ulikuwa uamuzi wa wakubwa kwa niaba ya wagonjwa. Mgonjwa alifunguliwa mikono, ila hakuna aliyemuuliza la kufanya.

Mlevi aliaminiwa kwanza

Katika miaka hiyohiyo, jambo lisilo la kawaida lilikuwa likitokea Willmar, mji ulio magharibi mwa miji pacha. Hospitali ya serikali ya huko ilipokea walevi pamoja na wagonjwa wa akili. Mkuu wake, daktari Nelson Bradley, na mwanasaikolojia Daniel Anderson waliona kuwa dawa zao haziwasaidii sana walevi. Waliosaidika walikuwa wale waliojiunga na Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzishwa mjini Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1935.

Bradley na Anderson wakaamua kuwaleta walevi walioacha pombe wafanye kazi ndani ya hospitali. Wataalamu wengi walinung'unika, wakiuliza itakuwaje mtu asiye na shahada akae meza moja na daktari. Pamoja na manung'uniko hayo, mwaka 1954 idara ya utumishi ya jimbo ilikubali kuwepo kwa cheo kipya serikalini, cha mshauri wa ulevi, ambacho aliyeacha pombe aliweza kukishika. Utaratibu huo, ulioendelezwa pia katika kituo cha Hazelden kilichofunguliwa Center City mwaka 1949, ulienea duniani ukijulikana kama Mfumo wa Minnesota.

Kwa hiyo Minnesota ilikuwa na mfano mkononi tangu mwaka 1954. Lakini mgonjwa wa akili alisubiri miaka mingine 53 kabla ya kupewa nafasi kama hiyo. Kwa nini?

Jibu moja limo katika namna jamii inavyoyapima maneno ya mtu. Mlevi aliyeacha pombe anahesabiwa kuwa amerudiwa na akili zake, na ushuhuda wake unaaminika. Aliyewahi kuitwa mwendawazimu hubaki akishukiwa hata baada ya kupona. Akikasirika, watu husema ugonjwa umerudi. Akilalamikia matibabu, husemwa kuwa haelewi hali yake. Kumpa mtu huyo kazi ya kutoa ushauri kulihitaji kwanza kukubali kwamba neno lake lina uzito.

Sauti za waliotoka hospitalini

Kukubali huko kulidaiwa na wagonjwa wenyewe. Tangu miaka ya 1950, dawa mpya zilipopatikana, hospitali kubwa za Marekani zilianza kupunguza wagonjwa. Mwaka 1963 Rais John Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii. Wengi waliruhusiwa kutoka, lakini vituo vilivyoahidiwa havikutosha, na baadhi yao wakaishia mitaani au magerezani. Kuanzia miaka ya 1970 waliotoka hospitalini waliunda vikundi vyao. Mwanamke aliyewasemea kwa nguvu zaidi alikuwa Judi Chamberlin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1978 kilidai kwamba wagonjwa waendeshe wenyewe huduma zinazowahusu.

Jimbo la Georgia ndilo lililofungua mlango wa fedha. Mwaka 1999 lilianza kulipia huduma za wasaidizi rika kupitia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, na mwaka 2001 likaanza kuwapa vyeti. Mwezi Agosti 2007 serikali kuu mjini Washington iliyaandikia majimbo yote kuyaruhusu kufanya hivyo, kwa masharti matatu: msaidizi rika asimamiwe na mtaalamu, kazi yake iwe sehemu ya mpango wa matibabu ya mgonjwa, na awe amefunzwa na kuidhinishwa. Mwaka huohuo Bunge la Minnesota, mjini Saint Paul, likapitisha sheria yake.

Mafunzo ya aina hii nchini Marekani kwa kawaida huchukua saa 40 hadi 80. Mwanafunzi hafundishwi kutambua magonjwa wala kuandika dawa. Anajifunza kusikiliza bila kuhukumu, kutunza siri, kujua mwisho wa mamlaka yake, na kumsaidia mwenzake apange mwenyewe atakavyojikinga siku hali itakapombadilikia. Jambo gumu kuliko yote ni kujifunza kusimulia habari zake. Anatakiwa kusema kiasi kinachomfaa anayemsikiliza, kisha anyamaze.

Jamii ya Afrika Mashariki

Kwa Waafrika Mashariki wa miji pacha, hapo ndipo penye mtihani. Minnesota ina Wasomali wengi kuliko jimbo lolote jingine la Marekani, wengi wakiwa wamekimbia vita vilivyoanza mwaka 1991. Baadhi yao walipitia Dadaab, Kakuma au Eastleigh kabla ya kufika kwenye maghorofa ya Cedar-Riverside mjini Minneapolis, na Kiswahili wanakijua. Wapo pia Wakenya, Waethiopia na Wakongo. Vita, njaa na safari vimeacha makovu yasiyoonekana kwa macho.

Minnesota ilianza mapema kuwahudumia waliofikwa na hayo. Mwaka 1985, kwa juhudi za gavana Rudy Perpich, kilianzishwa humo Kituo cha Waathirika wa Mateso, cha kwanza cha aina yake nchini Marekani. Baadaye kituo hicho kilipeleka kazi zake Afrika pia, zikiwemo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako wakimbizi na wenyeji walifunzwa kuwa washauri wa wenzao.

Lakini cheti cha msaidizi rika kinamdai mwombaji jambo ambalo familia nyingi za Afrika Mashariki zimezoea kulificha. Ni lazima akiri hadharani kwamba aliugua. Katika jamii ambamo ugonjwa wa akili wa mmoja unaweza kuharibu posa ya ndugu yake, kukiri huko si jambo dogo. Mtu anapata ajira, na huenda ukoo mzima ukahisi umevuliwa nguo. Na bila watu kama hao, mgonjwa anayezungumza Kisomali au Kiswahili atampata mkalimani wa maneno yake, asimpate rika.

Faida na mashaka

Je, kazi hii inaleta manufaa? Utafiti mmoja uliofanywa Uingereza na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018 uliwafuatilia watu 441 waliokuwa wametoka katika huduma za dharura za afya ya akili. Miongoni mwa waliosaidiwa na wafanyakazi rika, asilimia 29 walirudi kwenye huduma hizo ndani ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 38 ya wengine. Tafiti nyingine zimeonyesha tofauti ndogo, au hazikuona tofauti yoyote.

Fedha nazo zimeleta matatizo yake. Mwaka 2024 Bunge la Minnesota lilikaza masharti kwa wasaidizi rika wa upande wa pombe na dawa za kulevya, baada ya kuibuka tuhuma kwamba baadhi ya watoa huduma waliidai serikali malipo wasiyostahili. Wapo pia wanaohofia kwamba msaidizi anayejaza fomu kila saa ili alipwe atageuka karani, na urafiki uliomfanya aaminiwe utapotea. Wengine wanajibu kuwa kazi isiyo na mshahara wala cheti haiheshimiwi.

Mjadala huo umeshafika Afrika Mashariki. Katika hospitali ya Butabika mjini Kampala, watu waliowahi kuugua wamefunzwa kuwatembelea wagonjwa wanaorudi nyumbani, kwa ushirikiano na wenzao wa London Mashariki. Kuanzia mwaka 2018 Butabika na Taasisi ya Afya ya Ifakara, kupitia kazi yake jijini Dar es Salaam, zilishiriki katika utafiti wa kimataifa uliopima huduma hiyo pamoja na vituo vya Ujerumani, Israel na India.

Miradi ya utafiti huwa na mwisho wake, na mfadhili huondoka na fedha zake. Minnesota ilichukua miaka 58 kutoka moto wa Anoka hadi sheria ya mwaka 2007, na katika muda wote huo waliowahi kuugua walikuwapo, wakijua walichokijua. Kwa serikali za Afrika Mashariki, swali lililobaki ni nani atakayewalipa watu hao mshahara mradi utakapokwisha, na chini ya sheria ipi.