Nani Hushukuriwa Kura Zikishahesabiwa

Matokeo yakishatangazwa, mwanasiasa hubaki na kazi moja: kuwashukuru waliompigia kampeni, pamoja na wagombea wadogo waliobeba bendera ya chama kwenye kata na vitongoji. Kila penye uchaguzi wa ushindani desturi hii ipo kwa namna fulani. Mila huachana kwenye maswali ya nani atajwe kwanza, ashukuriwe wapi, na je, apewe kitu mkononi?

Katika uchaguzi wa jimbo nchini Ujerumani, vituo hufungwa saa 12 jioni, na papo hapo televisheni hutoa makadirio ya kwanza. Muda si mrefu viongozi hupanda jukwaani. Awe ameshinda au ameporomoka, mwanasiasa wa Kijerumani huanza kwa kuwashukuru wanachama waliotundika mabango kwenye nguzo za taa na kusimama kwenye vibanda vya chama sokoni Jumamosi baada ya Jumamosi. Kesho yake, kwa kawaida, mgombea mkuu husafiri hadi makao makuu ya chama jijini Berlin na kukabidhiwa shada la maua mbele ya kamera. Aliyeangushwa vibaya naye hupewa la kwake. Nyuso za siku hiyo huwa nzito, lakini maua hayakosekani, kwa sababu yanatolewa kwa kazi iliyofanyika, matokeo yawe yalivyo.

Mwingereza huanza na mtu ambaye hakumpigia kampeni hata kidogo. Wagombea wote husimama pamoja jukwaani, na mshindi humshukuru kwanza msimamizi wa uchaguzi, kisha waliohesabu kura na polisi, halafu wapinzani wake, ndipo awafikie watu wake wa kujitolea. Mpangilio huo unasema kwamba uchaguzi ni mali ya wote kabla haujawa ushindi wa mmoja. Nao hao wa kujitolea wana historia yao. Sheria ya mwaka 1883 iliweka kikomo cha matumizi ya mgombea na kubana uajiri wa watu wa kumtafutia kura. Vyama vikalazimika kutegemea watu wanaotembea mlango kwa mlango bila ujira, na mtu asiyelipwa hana malipo mengine zaidi ya kutambuliwa. Hotuba fupi ya usiku ule, ambayo mgeni angeiona ya adabu tu, ndiyo malipo yenyewe.

Japani imekwenda mbali zaidi: shukrani zenyewe zimewekewa mipaka. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1950, katika kifungu cha 178, inamkataza mgombea, ameshinda au ameshindwa, kuwazungukia wapiga kura nyumbani ili awashukuru, kusambaza vipeperushi vya shukrani, kutangaza shukrani magazetini, au kuandaa karamu. Barua inaruhusiwa, mradi ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Tangu mwaka 2013 ujumbe wa intaneti nao umeruhusiwa. Kwa hiyo usiku wa ushindi wa gavana wa mkoa au diwani wa mji hujaa ishara zisizogharimu kitu: mshindi humchora mwanasesere wa bahati aitwaye daruma jicho la pili, watu wakainua mikono na kushangilia mara tatu, naye akainama sana. Aliyeshindwa pia huinama, lakini mara nyingi huomba radhi, akisema kosa ni upungufu wake yeye, wala si wa waliomtumikia.

Ukali huo una sababu, na kesi ya Kawai Katsuyuki inaionyesha. Aliyekuwa waziri wa sheria alishtakiwa kwa kugawa takriban yeni milioni 29 kwa watu 100 mkoani Hiroshima, wakiwemo wanasiasa wa ngazi ya mitaa, ili mkewe apate kiti cha baraza la juu mwaka 2019. Utetezi ulidai kwamba baadhi ya fedha zilikuwa za kuwapongeza na kuwatia moyo wagombea wa uchaguzi wa mitaa wa Aprili mwaka huohuo. Mwaka 2021 mahakama ya Tokyo ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Pongezi na hongo zilikuwa zimevaa bahasha moja.

Kwetu Afrika Mashariki shukrani husafiri. Mbunge au diwani wa Tanzania hufanya ziara ya kuwashukuru wapiga kura, kijiji kwa kijiji. Kenya kuna ibada ya shukrani, fahali huchinjwa, na hata waliompigia mpinzani huja kula. Mjapani angeiona karamu hiyo kuwa kosa la jinai. Wengi wetu tungeiona barua pekee kuwa uchoyo. Kila upande una hoja: huko wanaogopa kura kuwa bidhaa, huku tunaogopa kiongozi anayepanda akasahau waliomshikia ngazi. Mimi naiheshimu karamu, kwa kuwa humrudisha mshindi mbele ya macho ya watu. Ninachokihofia ni noti zinazogawiwa pembeni, na ahadi za vyeo katika serikali ya kaunti kwa wapambe.

Hata hivyo, kuna watu ambao karamu huwapita. Wa kwanza ni wakala wa mgombea kituoni. Kenya vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi, naye awe ameshafika. Hukaa hadi kura zihesabiwe usiku, hutia saini fomu ya matokeo na kuondoka na nakala. Kesi ikifika mahakamani, karatasi ile ndiyo ushahidi. Anachokumbukwa nacho ni posho ya chakula na nauli, pengine iliyochelewa.

Wa pili ni mgombea wa wadi aliyeshindwa. Kenya ina kaunti 47 na wadi 1,450, na kura za gavana na za mwakilishi wadi hupigwa siku moja. Mgombea huyo ndiye aliyekusanya watu uwanjani kabla msafara wa gavana haujafika, akauza jina la bosi kabla ya lake. Gavana akipita na yeye akaanguka, anarudi nyumbani na madeni. Hapa ndipo ningependa tuazime shada la Kijerumani na kalamu ya Kijapani, bila kuiacha ziara yetu. Gavana mteule aanzie kwenye wadi ambazo watu wake waliangushwa, amsimamishe kila mmoja mbele ya majirani zake, na aseme alifanya nini, kabla hajamtaja mfadhili yeyote.