Zama za Kati Kando ya Ziwa Tanganyika

Ukitaja Ulaya ya Zama za Kati mbele ya wasomaji wenzangu, picha zinazokuja ni zile zile: ngome ya mawe, padri mnene, mkulima mwenye matope hadi magotini, na mtu anayechomwa moto kwa kukutwa na kitabu kibaya. Nyingi tumezipata kwenye filamu. Wengine wamezipata kwa Umberto Eco, kwenye riwaya yake Il nome della rosa ya mwaka 1980, ambayo mambo yake yanatokea ndani ya abasia moja ya Italia mwaka 1327. Watu wanaisoma, wanaifurahia, kisha wanasema: haya ni ya Wazungu wa zamani, sisi hayatuhusu.

Mimi natoka Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, na hapo ndipo ninapobisha. Karne ya 19, kuna mtu alijaribu kuzijenga upya Zama za Kati huku huku kwetu ziwani, akiwa na kengele, kuta na askari wa Papa. Lakini kabla ya kufika kwake, hebu tuliangalie jambo lenyewe.

Tuanze na neno tulilolikariri sekondari: ukabaila. Ulaya ya karne ya 11 au ya 12, wakulima wengi walikuwa wamefungwa na ardhi. Mtu hakuuzwa sokoni kama mtumwa, lakini hakuwa huru kuondoka bila ruhusa ya bwana wake. Kila wiki alitoa siku kadhaa kulima shamba la bwana, na sehemu ya kumi ya mavuno ilikwenda kanisani. Alichopata ni kipande cha kulima na mahali pa kukimbilia wavamizi wakija. Vitabu vya shule vikatupa mifano ya nyumbani: nyarubanja kwa Wahaya, umwinyi pwani, na ubugabire kwa Waha, Warundi na Wanyarwanda.

Ubugabire ulikuwa kwenye milima ile ile tunayoiona nyuma yetu tukiwa mwaloni. Mwenye ng'ombe, mara nyingi Mtusi, anakukabidhi mnyama. Wewe unapata maziwa na samadi, yeye anapata kazi yako na utii wako. Juu yenu yupo mwami. Pembeni wapo wateko, wazee wa ardhi na matambiko, ambao mwami mwenyewe alilazimika kuwaheshimu. Ulaya mtu alifungwa kwa ardhi, Buha alifungwa kwa ng'ombe. Lakini swali la mtu wa chini lilikuwa moja: nani atanilinda, na atataka nini kutoka kwangu?

Upande wa dini, Zama za Kati ziliendeshwa kwa kengele. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliwapangia wamonaki sala saba za mchana na moja ya usiku, na katikati yake kazi za mikono. Mkulima wa jirani hakuwa na saa, alisikia kengele akajua muda. Misa ilikuwa ya Kilatini, lugha ambayo hakuielewa, kwa hiyo hadithi za Biblia alizisoma kwenye michoro ya ukutani. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukamtaka aungame na kupokea komunyo walau mara moja kwa mwaka. Ndoa zikatakiwa kutangazwa kabla ya kufungwa.

Hata sahani yake ilitawaliwa na kalenda ya kanisa. Kwaresima hakuna nyama, Ijumaa hakuna nyama. Kwa hiyo Ulaya nzima ilihitaji samaki, na mapipa ya samaki wadogo waliotiwa chumvi yalisafiri kutoka bahari za kaskazini hadi miji isiyowahi kuona bahari. Mtu wa Mwamgongo hahitaji kufafanuliwa hapo. Sisi kalenda yetu ni mwezi: giza likiingia, taa zinatapakaa ziwani usiku kucha kuvua dagaa, mbalamwezi ikija, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Dagaa wakikauka wanapanda boti kwenda Kigoma, na kutoka hapo wanafika kwa watu ambao Ziwa Tanganyika wanalijua kwa ladha tu.

Sasa tumlete Kadinali Charles Lavigerie. Alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers, na kabla ya hapo alifundisha historia ya Kanisa pale Sorbonne, Paris. Huyu alizijua karne za nyuma kama mwalimu anavyolijua daftari lake. Mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwetu wanaitwa Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Msafara wao wa kwanza ulifika Ujiji Januari 1879. Haukuwa mwanzo mwepesi: Mei 1881 wenzao watatu waliuawa Rumonge, Burundi, ufuo ule ule tunaopakana nao.

Mwaka 1885 Wabelgiji waliwakabidhi mapadri vituo viwili: Karema upande wetu na Mpala ng'ambo, Kongo. Hapo ndipo ndoto ya Lavigerie ilipopata ardhi. Alitaka ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye mtawala Mkristo na upanga wa kuulinda. Mwaka 1887 akafika Mpala Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa 1842, ambaye ujana wake aliupigana kwenye jeshi la kujitolea la Papa, wakati Papa bado alikuwa mfalme mwenye nchi yake Italia. Nchi ile, iliyodumu tangu Zama za Kati, ilianguka mwaka 1870. Joubert alikuja kulinda ziwani kile ambacho kilishashindikana Roma. Aliwafundisha vijana wa hapa bunduki, akapambana na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa aliyekuwa na ngome Ujiji. Akaoa mwanamke wa huko huko na kubaki hadi kifo chake mwaka 1927. Makazi yake yaliitwa Saint-Louis, jina la mfalme wa Ufaransa aliyefia Tunis mwaka 1270 akiwa vitani, kwenye msafara wa msalaba. Jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati.

Ndani ya kuta za vituo hivyo aliishi nani? Wengi walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa. Mapadri walilipa, mtumwa akabadilisha mikono. Hilo nalo ni la Zama za Kati: mwaka 1198 Papa Innocent III alilikubali shirika la Utatu, ambalo kazi yake ilikuwa kukusanya fedha na kuwanunua Wakristo waliotekwa. Mtoto wa Karema alifundishwa katekisimu, akaamka kwa kengele, akalima shamba la misheni. Akikua alioa au kuolewa, akapewa kiwanja katika kijiji cha Kikristo chini ya macho ya padri, ambaye pia ndiye aliyekuwa hakimu wa kesi zake.

Hapa ndipo pananikwaza, na sitaki kuparuka haraka. Je, alikuwa huru? Ukilinganisha na mnyororo wa kwenda Bagamoyo, jibu ni rahisi: ndiyo, mara elfu. Ukiuliza kama angeweza kuamka asubuhi akaenda zake, jibu linakuwa zito. Kwao alikotoka pengine pameteketezwa, nje ya ukuta wapo wanaoweza kumuuza tena. Aliyemwokoa ndiye mwenye ardhi, ndiye mwenye bunduki, ndiye mwenye mbingu. Mkulima wa abasia ya Ulaya angeielewa hali hiyo bila mkalimani.

Na bado watu hao hawakuwa udongo wa kufinyangwa tu. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, kisiwa ambacho kwa zaidi ya karne mbili kilikuwa cha mashujaa wa msalaba. Alifika Karema mwaka 1889. Alitibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 mfululizo. Ndoto ya ufalme ilikufa mapema, kwani Wajerumani upande huu na Wabelgiji upande ule hawakuwa na nafasi ya mfalme wa tatu. Daktari alibaki.

Ugumu wa kuandika historia hii unafanana na ule wa Ulaya. Mkulima wa karne ya 12 hakuandika kitu. Tunamjua kupitia karani wa abasia, pale anapotajwa kwamba anadaiwa kuku wawili au siku tatu za kulima. Watu wa Karema na Mpala nao tunawasoma zaidi kwenye shajara ambazo kila kituo cha Mapadri Weupe kilitakiwa kuandika kila siku: nani kabatizwa, nani kaoa, nani katoroka.

Mimi huwa nasimama kwenye hao waliotoroka. Walikuwa wameokolewa, walikuwa na chakula na ukuta, na bado usiku mmoja waliamua kuondoka. Shajara inaandika kwamba wameondoka, na inaandika kwa masikitiko. Kwa nini waliondoka, hilo walilijua wao. Mwandishi wa riwaya anayetafuta hadithi ya Zama za Kati kwa Kiswahili asisumbuke kupanda ndege kwenda Italia. Aanzie na huyo, akiwa ndani ya mtumbwi, gizani, akipiga kasia kuelekea kaskazini.