Msimu wa 2018: Jinsi tiketi ya Kombe la Dunia la raga ilivyoiponyoka Kenya

MSIMU wa 2018 wa Kombe la Dhahabu la Raga barani Afrika ulianza Juni 16 na kukamilika Agosti 18. Katika miezi hiyo miwili, timu sita zilipigania nafasi moja tu ya kushiriki moja kwa moja fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2019 nchini Japan. Kenya, ambayo haijawahi kucheza katika fainali hizo, ilifika siku ya mwisho ya msimu bila kushindwa na mpinzani yeyote. Ilibaki mechi moja, dhidi ya Namibia mjini Windhoek, nayo ikawa ndiyo iliyoamua kila kitu.

Timu zilizoshiriki zilikuwa Namibia, Kenya, Uganda, Zimbabwe, Tunisia na Morocco. Afrika Kusini haikuwemo kwa kuwa ilikuwa imekwisha kufuzu kutokana na matokeo yake katika fainali zilizotangulia. Jina la Kombe la Dhahabu lilikuwa geni wakati huo. Lilianza kutumika mwaka 2017, na Namibia ndiyo iliyotwaa taji la kwanza.

Utaratibu wa msimu

Mashindano yaliendeshwa kwa mfumo wa ligi ya mkondo mmoja. Kila timu ilikutana na wapinzani wake watano mara moja tu, baadhi nyumbani na wengine ugenini, na kwa jumla zikachezwa mechi 15. Hapakuwa na nusu fainali wala fainali: aliyeongoza jedwali ndiye bingwa.

Katika raga ya wachezaji 15, mguso huleta alama tano, na mkwaju unaopigwa baada ya mguso huongeza alama mbili. Penalti inayopita katikati ya milingoti huhesabiwa alama tatu. Kwenye jedwali la ligi, ushindi huleta alama nne na sare alama mbili. Timu inayofunga miguso minne au zaidi huongezewa alama moja, na inayoshindwa kwa tofauti ya alama saba au chini ya hapo nayo huambulia alama moja ya kujifariji. Kwa hesabu hiyo, haikutosha kushinda. Ilibidi kushinda kwa miguso mingi.

Zawadi nazo zilikuwa mbili. Bingwa angekwenda Japan moja kwa moja, katika Kundi B pamoja na New Zealand, Afrika Kusini na Italia. Mshindi wa pili angepewa nafasi ya mwisho kabisa, katika mchujo wa mataifa manne ambao ungefanyika Ufaransa mwezi Novemba.

Safari ya Kenya

Timu ya taifa ya Kenya, Simbas, iliongozwa na kocha Ian Snook kutoka New Zealand, huku unahodha ukiwa mikononi mwa Davis Chenge. Kwa mashabiki wengi wa Nairobi, raga ya Kenya ilikuwa na maana ya timu ya wachezaji saba kila upande, Shujaa, ambayo Aprili 2016 iliishangaza dunia kwa kuilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore. Simbas waliishi katika kivuli cha ndugu zao hao. Msimu wa 2018 uliwapa fursa ya kutoka kivulini.

Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Ugenini dhidi ya Morocco, Kenya iliponea kwa ushindi mwembamba wa 28-24. Ilipoikaribisha Zimbabwe jijini Nairobi, mechi ilikuwa ya kufunga na kufungwa hadi dakika za mwisho, na wenyeji wakatoka na ushindi wa 45-36. Uganda, mpinzani wa jadi ambaye Kenya hushindana naye kila mara kuwania Kombe la Elgon, nayo ilishindwa. Tunisia ilipofika Nairobi ilirudi kwao na kichapo cha 67-0.

Mechi nne, ushindi mara nne. Hata hivyo, matokeo hayo yalificha jambo ambalo wachunguzi wa mchezo huo waliliona mapema: safu ya ulinzi ya Kenya ilikuwa ikivuja. Alama 36 ilizofungwa na Zimbabwe nyumbani kwake zilikuwa onyo.

Namibia, kwa upande wake, ilifungua msimu kwa kuikung'uta Tunisia 118-0 mjini Windhoek. Chini ya kocha Phil Davies kutoka Wales, nayo ilifika siku ya mwisho bila doa.

Msimu huo haukukosa masaibu. Mwezi Julai, picha za wachezaji wa Zimbabwe wakiwa wamelala nje barabarani nchini Tunisia, wakilalamikia malazi waliyopewa kabla ya mechi yao, zilisambaa duniani kote. Zimbabwe ilipoteza mchezo huo. Tukio hilo liliwakumbusha watu kwamba katika raga ya Afrika, tofauti kati ya timu haipimwi uwanjani pekee. Hupimwa pia kwa tiketi za ndege, vitanda na chakula.

Siku ya Windhoek

Jumamosi, Agosti 18, timu mbili ambazo hazikuwa zimeshindwa zilikutana katika uwanja wa Hage Geingob. Kenya ilihitaji ushindi. Namibia, iliyokuwa imeshiriki kila fainali za Kombe la Dunia tangu 1999, ilikuwa na mazoea ya siku za aina hiyo.

Mazoea yakashinda matumaini. Namibia ilipata ushindi wa 53-28 na kukata tiketi ya Japan. Alama 28 ugenini si haba, na katika mechi nyingi zingetosha kuleta ushindi, kama zilivyotosha dhidi ya Morocco. Lakini timu inayoruhusu alama 53 haiwezi kutarajia kufuzu. Udhaifu ulioonekana Nairobi mbele ya Zimbabwe ulilipiwa Windhoek.

Uchungu wa siku hiyo ulizidishwa na kumbukumbu ya miaka minne iliyotangulia. Mwaka 2014 mjini Antananarivo, Madagascar, Kenya iliishinda Namibia 29-22 na kuhitaji ushindi mmoja tu dhidi ya Zimbabwe ili ifuzu kwa fainali za 2015. Ililazwa 28-10. Kenya, Namibia na Zimbabwe zikamaliza kila moja ikiwa na ushindi mara mbili, na Namibia ikapita kwa wingi wa tofauti ya alama. Mara mbili mlango ulikuwa wazi, na mara mbili ukafungwa siku ya mwisho.

Marseille, nafasi ya mwisho

Kama mshindi wa pili, Kenya ilikwenda Marseille mwezi Novemba kukabiliana na Canada, Ujerumani na Hong Kong. Huko pengo la viwango lilijitokeza waziwazi. Canada iliishinda Kenya 65-19 Novemba 11, Ujerumani ikailaza 43-6 Novemba 17, na Hong Kong ikamalizia kwa 42-17 Novemba 23. Canada, iliyoshinda mechi zake zote tatu, ndiyo iliyojaza nafasi ya mwisho katika Kundi B.

Pengo lilitoka wapi?

Namibia ni nchi yenye watu wachache mno ikilinganishwa na Kenya. Kilichoitenganisha na wapinzani wake ni mechi ngumu za mara kwa mara. Katika miaka iliyotangulia 2018, kikosi chake cha Welwitschias kilikuwa kikishiriki mashindano ya ndani ya Afrika Kusini dhidi ya timu za majimbo ya nchi hiyo. Wachezaji wake walizoea kasi na nguvu ambazo mwenzao wa Nairobi alikutana nazo mara moja au mbili kwa mwaka.

Kenya yenyewe iliwahi kuionja njia hiyo. Mwaka 2014 kikosi chake, kwa jina la Simba XV, kilishiriki Kombe la Vodacom nchini Afrika Kusini, na ni katika mwaka huohuo kwamba Kenya iliifunga Namibia kule Antananarivo. Ushiriki huo haukuendelezwa. Wachezaji wakarudi kutegemea ligi ya nyumbani, Kenya Cup, ambayo licha ya ushindani wake haiwezi peke yake kumwandaa mtu kwa ajili ya Windhoek, sembuse Marseille. Mcheza kwao hutunzwa, lakini anayecheza kwao tu hupata taabu akifika ugenini.

Yaliyofuata

Nchini Japan, Namibia ilishindwa na Italia 47-22, Afrika Kusini 57-3 na New Zealand 71-9. Mechi yake dhidi ya Canada mjini Kamaishi, Oktoba 13, 2019, ilifutwa kwa sababu ya kimbunga Hagibis.

Mfumo wa ligi wa Kombe la Dhahabu nao haukudumu. Kwa fainali za 2023, nafasi ya Afrika iliamuliwa kwa mtoano uliochezwa Ufaransa mwezi Julai 2022. Fainali ilizikutanisha tena Kenya na Namibia, safari hii mjini Aix-en-Provence, na Kenya ikalazwa 36-0. Mwezi Novemba mwaka huo ilipewa tena nafasi ya mwisho, mjini Dubai, na ikapoteza kwa Marekani, Ureno na Hong Kong.

Utawala wa Namibia ulikoma Julai 19, 2025, katika uwanja wa Namboole nchini Uganda. Zimbabwe, ile ambayo wachezaji wake walilala barabarani miaka saba kabla, iliishinda 30-28 na kufuzu kwa fainali za 2027 nchini Australia, zitakazokuwa zake za kwanza tangu 1991.

Kwa Kenya, msimu wa 2018 unabaki kuwa kipimo. Timu iliyoshinda mechi nne kati ya tano za ligi haikuwa dhaifu. Ilikosa tu kuzoea aina ya mechi ambayo hatimaye ndiyo iliyoamua hatima yake.