Bunduki za wenzo: uraibu wa Wamarekani ambao haukuota mizizi Arusha

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KUANZIA mwishoni mwa mwaka 1960 hadi mapema mwaka 1961, wakati Tanganyika ikijiandaa kupata Uhuru, kundi kubwa la watengeneza filamu kutoka Marekani lilipiga kambi Momella, chini ya Mlima Meru, kutengeneza filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962.

Mwongozaji alikuwa Howard Hawks na nyota wake John Wayne, mwigizaji ambaye pengine kuliko mwingine yeyote aliifanya dunia iitambue bunduki ya wenzo. Katika filamu ya Stagecoach ya mwaka 1939 aliizungusha Winchester kwa mkono mmoja na kuijaza risasi kwa mzunguko huo huo. Katika Rio Bravo ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Hawks huyo huyo, aliibeba tena.

Alipofika Meru, hata hivyo, kazi aliyopewa ilikuwa kuwakamata faru na twiga kwa magari na kamba kwa ajili ya bustani za wanyama. Bunduki iliyompa jina ilibaki nyumbani kwao.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa bunduki hizo katika sehemu hii ya Afrika. Nchini Marekani kuna watu wengi wanaozikusanya, kuzirekebisha na kushindana nazo kama wengine wanavyofanya kwa magari ya zamani. Arusha, mji ambao kwa miongo mingi umekuwa kituo kikuu cha safari za uwindaji, haikupata uraibu huo. Sababu zake zinahusu ufundi, historia na sheria, na zinamgusa pia mkazi wa mjini ambaye hajawahi kushika bunduki lakini amerithi nyumba ya babu yenye sanduku lisilofunguliwa.

Namna inavyofanya kazi

Wenzo ni kipande cha chuma kilichopinda chini ya kifyatulio, mahali pa kupitisha vidole. Mpigaji akikisukuma mbele, mtambo unafunguka, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linaruka nje na nyundo inavutwa nyuma. Akikirudisha, risasi nyingine iliyopandishwa kutoka kwenye magazini inaingia chemba na mtambo unajifunga. Yote hayo hufanyika bila kushusha kitako begani.

Bunduki ya kwanza ya aina hiyo kupata sifa kubwa ni ya Benjamin Tyler Henry ya mwaka 1860, iliyobeba risasi 16 ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Kiwanda cha Winchester kikaiendeleza kwa toleo la 1866 na la 1873, ambalo zilitengenezwa zaidi ya 700,000. Kuanzia toleo la 1886 hadi la 1895 mbunifu alikuwa John Moses Browning, aliyeacha viungo vya kukunjana vya zamani na kuweka vyuma imara vya kufungia mtambo. Toleo lake la 1894 limetengenezwa kwa mamilioni.

Bomba hilo lina kasoro yake. Risasi hulala zikifuatana, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha ikiwa kali, mtikiso wa bunduki unaweza kuilipua ile ya mbele ndani ya bomba. Ndiyo maana kwa muda mrefu bunduki hizo zimetumia risasi zenye kichwa butu, ambazo hupoteza kasi haraka zinapokwenda mbali.

Browning aliliondoa tatizo hilo katika toleo la 1895 kwa kuweka magazini ya sanduku. Urusi ya kifalme iliagiza karibu bunduki 300,000 za toleo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Zilipopita Afrika Mashariki

Bunduki za wenzo zilifika mapema katika eneo hili. Msafara wa Henry Morton Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, uliochukua mamia ya wapagazi Zanzibar mwaka 1887, ulikuwa na bunduki 510 za Remington na 50 za Winchester. Bunduki ya Martini-Henry ya Waingereza, inayotumia wenzo lakini kubeba risasi moja tu, nayo ilisambaa. Kule Tsavo mwaka 1898, J. H. Patterson alikuwa na Martini fupi miongoni mwa silaha zake alipowawinda simba waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli.

Aliyezipa heshima kubwa zaidi ni Theodore Roosevelt. Aliteremka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais wa Marekani, akiongoza msafara wa kukusanya vielelezo kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Alikuwa na bunduki ya Springfield, bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, na Winchester ya 1895 inayotumia risasi ya .405, ambayo aliisifu sana hasa kwa simba. Safari yake ilipita Kenya na Uganda ya leo hadi Khartoum, alikofika Machi 1910. Meru hakuiona, wakati huo Arusha ilikuwa chini ya Wajerumani.

Hapo ndipo historia ya bunduki ya Arusha inapoachana na ile ya filamu. Kwa Wameru na Waarusha, bunduki haikuja kama chombo cha starehe. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Kapteni Kurt Johannes akatoka Moshi na askari wenye bunduki, akisaidiwa na wapiganaji wa Kichaga, kuwaadhibu wenyeji waliopigana kwa mikuki. Boma lililokamilika mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa kwa jasho la walioshindwa.

Mwenyeji naye hakuruhusiwa kuwa na bunduki ya kisasa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha bora kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Kilichoachiwa mlango kidogo ni bunduki duni za kushindiliwa baruti, yaani magobori. Ni jambo la kutafakari kwamba gobore bado linatajwa katika taarifa za polisi za karne hii, ilhali Winchester haisikiki.

Walowezi wa Kijerumani walikuja na bunduki za komeo, zile zinazofunguliwa na kufungwa kwa mkono kama komeo la mlango. Mauser ya mwaka 1898 ilikuwa imara, ilikubali risasi ndefu zenye ncha kali, na fundi yeyote wa shamba aliweza kuifungua na kuisafisha vumbi. Mwaka 1905 Otto Bock wa Berlin alitoa risasi ya 9.3 x 62 kwa ajili ya wakulima na wawindaji wa makoloni hayo. Waingereza walipoiteka Arusha Machi 1916 wakaleta za kwao, hususan risasi ya .375 ya Holland & Holland iliyotoka mwaka 1912. Mwindaji aliyeishi Arusha hakuwa na sababu ya kuagiza Winchester kutoka Marekani na kuhangaika kutafuta risasi zake.

Hata leo, kwa wanyama hatari kama nyati, kanuni za uwindaji wa kitalii nchini hudai kipenyo kisichopungua .375. Toleo maarufu la 1894 lenye risasi ya .30-30 halifikii kiwango hicho hata kwa mbali, ingawa .405 ya Roosevelt inakipita kwa kipenyo.

Mkusanyaji na mrekebishaji hawapatani

Wasiofuatilia uraibu huu hudhani kukusanya na kurekebisha ni shughuli moja. Kwa kweli ni mbili zinazopingana.

Mkusanyaji anatafuta bunduki ambayo haikuguswa. Rangi ya chuma ya kiwandani ikiwa imefifia, iachwe ififie. Mbao zikiwa na mikwaruzo ya tandiko la farasi, zisipigwe msasa. Anayeing'arisha ili ipendeze anaweza kuiondolea sehemu kubwa ya thamani yake kwa mchana mmoja. Wakusanyaji huandika kwa Cody Firearms Museum, Wyoming, ambako kumbukumbu za kiwanda cha Winchester zimehifadhiwa, kuthibitisha kwamba namba iliyopigwa kwenye chuma inalingana na jinsi bunduki ilivyotoka. Zinazosakwa zaidi ni zile za 1873 zilizoandikwa kuwa moja kati ya elfu, ambazo hazifiki 150, na ambazo filamu ya Winchester '73 ya mwaka 1950 ilizifanya zijulikane kote.

Mrekebishaji hataki bunduki ya zamani. Hununua nakala mpya, nyingi zikitengenezwa Italia, na kuzipeleka kwenye mashindano ya wapigaji wanaovaa kama wachunga ng'ombe wa karne ya 19. Humo mshindi huamuliwa kwa saa, hivyo fundi huangalia kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Hulainisha nyuso hizo kwa jiwe laini sana, huweka springi nyepesi, na katika nakala za 1873 hubadilisha viungo ili wenzo usafiri umbali mfupi zaidi. Bunduki iliyorekebishwa vyema huteleza mkononi kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Lakini mstari kati ya ulaini na hatari ni mwembamba. Springi ya nyundo ikizidi wepesi, risasi inagoma kulipuka. Kifyatulio kikipunguzwa ugumu kupita kiasi, bunduki inaweza kulipuka kwa kugongwa tu. Mtambo wa 1873, ulioundwa kwa baruti nyeusi, haustahimili nguvu za risasi kali za kisasa, hata kama risasi hiyo inaingia chemba bila shida. Fundi mwadilifu huanza kwa kukataa baadhi ya kazi.

Sheria na sanduku la babu

Nchini Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo huhesabiwa na sheria ya shirikisho kuwa kitu cha kale, na huuzwa karibu kama fanicha. Tanzania haina mlango huo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, humtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na maombi huchunguzwa na polisi pamoja na mamlaka za eneo analoishi mwombaji. Mwombaji hutarajiwa kueleza anaitaka kwa kazi gani. Ulinzi wa mali na uwindaji ni majibu yanayoeleweka. Kutaka bunduki ya sita kwa kuwa ina mbao nzuri ni jibu gumu kumshawishi ofisa yeyote.

Kurekebisha silaha nako ni kazi ya fundi mwenye kibali. Mtu mwenye leseni ya kumiliki hana ruhusa ya kugeuza chumba cha nyuma kuwa karakana ya bunduki, wala kumpelekea jirani anayechomelea mageti.

Panapouma zaidi ni kwenye urithi. Leseni hufa na mwenye nayo. Familia inayokuta bunduki kabatini baada ya mazishi inapaswa kuitaarifu polisi na kuikabidhi, na mrithi anayeitaka huomba upya kwa jina lake. Wengi huogopa na kukaa kimya, na kwa kukaa kimya hugeuka wahalifu bila kufyatua hata risasi moja. Vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, kikiwamo cha mwaka 2023, viliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo pia.

Kwa upande mwingine, zinazosalimishwa huishia motoni. Gobore lililochongwa jana kwa ajili ya ujangili na bunduki iliyosafiri na msafara wa karne ya 19 huweza kuunguzwa katika rundo moja, na aliyezikabidhi asijue tofauti. Familia yenye kumbukumbu, barua au picha ya silaha ya namna hiyo ingefanya vyema kuzitaja inapokwenda polisi, kwani silaha iliyolemazwa kisheria inaweza kukaa makumbusho bila kumdhuru mtu. Mara moto ukishawashwa, ombi hilo linakuwa limechelewa.

Kuna tahadhari moja kwa atakayekuta bunduki yenye wenzo. Asiusukume ili aone kama ni tupu. Kila mara wenzo unaposukumwa na kurudishwa, risasi iliyobaki ndani ya bomba huingizwa chemba huku nyundo ikiwa tayari imevutwa, na bomba lililojazwa miaka 60 iliyopita haliandikwi popote kwa nje. Iachwe pale ilipo, mtutu ukielekea ukutani, watoto watolewe chumbani, na kituo cha polisi kilicho karibu kipigiwe simu.