Bandari ya Bujumbura na Historia ya Tiba ya Taswira

Anayetaka kujua Burundi inaishi kwa kitu gani na asimame kwenye gati za Bandari ya Bujumbura. Saruji na sukari huja kutoka Mpulungu, Zambia. Mizigo ya Dar es Salaam hushushwa reli ya kati inapoishia Kigoma, kisha ikapandishwa melini kuelekea kaskazini. Gati hizi ni za mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi ya Wabelgiji, lakini mlango wenyewe ni wa kale zaidi. Kabla Wajerumani hawajaweka boma lao Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wameshauzoea ufuko huu.

Mlango huo haukupitisha shehena peke yake. Waganga walipita, wakapita masheikh, wamisionari, madaktari wa jeshi, na katika miaka yetu hii wataalamu wa afya ya akili. Kila kundi lilikuja na namna yake ya kumtuliza mgonjwa kwa maneno, pumzi na picha za moyoni. Siku hizi hospitali za Ulaya na Marekani zina jina rasmi la jambo hilo: taswira ya kuongozwa. Mgonjwa hukaa au hulala, akavuta pumzi polepole, na mwongozaji humpeleka kwa sauti hadi mahali anapopapenda: aone rangi zake, asikie sauti zake, anuse harufu yake, ahisi baridi au joto lake. Lengo ni kupunguza hofu, maumivu na msongo, hasa kabla ya upasuaji au wakati wa ugonjwa mrefu. Historia ya tiba kwenye ufuko huu inatuonyesha ni lini maneno ya namna hiyo humfika mgonjwa na ni lini humpita.

Kiranga, zafarani na zikri

Warundi walikuwa na ibada ya kubandwa, ambayo kichwa chake ni pepo aitwaye Kiranga. Kwa majirani zao wa Rwanda jina linalotajwa ni Ryangombe. Aliyeingizwa katika ibada hiyo hakuwa mtazamaji. Alichukua nafsi ya pepo, akasema kwa sauti yake, akavaa alama zake, na kwa muda huo akawa mtu mwingine mbele ya ndugu na majirani. Maradhi, utasa na misiba vililetwa hapo, na mgonjwa hakuachwa peke yake na shida yake. Wamisionari wa Afrika, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, waliipiga vita ibada hiyo wakiiona kuwa ushetani. Ilipofifia, kilitoweka pia chombo cha kijamii cha kubebea huzuni.

Ufukweni, kwa Waswahili na Wamanyema waliotoka Ujiji na ng'ambo ya Kongo, kulikuwa na njia nyingine. Kombe liliandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji au marashi ya waridi, na mgonjwa akanywa. Alizinguliwa kwa aya zilizosomwa juu ya kichwa chake. Katika zikri za tarika ya Kadiria watu walishikana kwa mstari, pumzi zikaingia na kutoka kwa pamoja, jina la Mungu likirudiwa mpaka kifua na moyo viende kwa mwendo mmoja. Huko Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili usio mbali na bandari, kisomo cha mgonjwa bado ni jambo la kawaida. Mgonjwa anaweza asijue maana ya kila neno la Kiarabu analosomewa, na bado akatulia, kwa sababu anamjua anayemsomea na anajua waliomzunguka wanamwombea nini.

Sindano bila imani

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliingia mwambao wa Tanganyika. Robert Koch alikuwa ameijaribu dawa ya atoksili katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, na madaktari wa Kijerumani wakaipeleka kampeni hiyo hadi Imbo, bonde la ziwa upande wa Burundi. Watu walikaguliwa tezi za shingo, wakatengwa kambini, wakachomwa sindano. Dawa ile ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake, na baadhi ya waliochomwa walipofuka. Wagonjwa wengi walitoroka.

Tukio hili lina nafasi yake katika historia ya taswira kwa sababu linaonyesha upande wa pili. Taaluma ilikuwapo na madaktari walikuwapo, lakini mgonjwa aliyelala kambini alibaki na picha moja tu akilini: kwamba aliyeingia humo huenda asitoke akiona. Hakuna aliyempa picha nyingine ya kuaminika. Hofu ya tiba nayo ni sehemu ya ugonjwa, na daktari asiyeishughulikia humwachia mgonjwa aitibu mwenyewe kwa kukimbia.

Safari ya wazo huko Ulaya na Marekani

Wakati huohuo wanasayansi wa ng'ambo walikuwa wakiichunguza hofu ndani ya mwili. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Harvard alieleza jinsi hofu na hasira zinavyomwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na tumbo likasimamisha kazi yake. Mwaka 1932 Johannes Schultz, daktari wa Berlin, alichapisha mazoezi ya kujituliza kwa kujiambia kwamba mikono ni mizito na ina joto. Mwaka 1938 Mfaransa Robert Desoille alitoa kitabu kuhusu ndoto ya mchana inayoongozwa: mgonjwa hufunga macho, na tabibu humpandisha mlima au kumshusha chini ya bahari. Mjerumani Hanscarl Leuner aliiendeleza njia hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mwaka 1949 Claude Lévi-Strauss aliugeuza mjadala. Alichambua wimbo wa mganga wa Wakuna wa Panama, unaoimbiwa mwanamke aliyekwama katika uzazi. Mganga hamgusi wala hampi dawa. Anamsimulia safari ya pepo wasaidizi wanaopita ndani ya mwili wake kufungua njia. Lévi-Strauss alidai kwamba hadithi hiyo inayapa maumivu mpangilio, na mwili unaufuata. Waliokuja baada yake walimkosoa wakisema kwamba lugha ya wimbo ule ni ya kiganga, na huenda mama mwenyewe haielewi. Mtu wa Buyenzi aliyekulia kwenye visomo asingeona ajabu.

Hospitalini, ushahidi ulikuja baadaye. Katika utafiti wa Cleveland Clinic uliochapishwa mwaka 1997, wagonjwa 130 wa upasuaji wa utumbo waligawanywa makundi mawili. Waliosikiliza kanda za taswira kabla ya upasuaji, wakati wake na baada yake walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi, na walihitaji dawa za maumivu za jamii ya kasumba kiasi cha miligramu 185, ilhali wenzao walitumia 326. Wako pia waliovuka mpaka. Mwaka 1978 Carl Simonton na wenzake waliwahimiza wagonjwa wa saratani wazione chembe zao nyeupe za damu zikiushambulia uvimbe. Dai kwamba mazoezi hayo huponya saratani halikuthibitika, na ubaya wake ni kwamba mgonjwa aliyezidiwa angeweza kujilaumu kuwa hakuwaza vizuri.

Baada ya Oktoba 1993

Burundi ilikuwa imeshazika wengi mwaka 1965, 1972 na 1988. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani kwa zaidi ya muongo mmoja. Kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 vikwazo vya nchi jirani vilibana hata biashara ya bandarini. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kilichofunguliwa mwaka 1981 na Mabradha wa Karitasi, kilibeba mzigo wa nchi nzima.

Hapo ndipo njia mpya zilipoanza kushuka Bujumbura. Kuanzia mwaka 2000 shirika la TPO liliwafunza watu wa kawaida kuwa wasaidizi wa afya ya akili mikoani. Mwaka huohuo mchungaji wa Kikweka David Niyonzima, ambaye wanafunzi wake wanane waliuawa Kwibuka mwaka 1993, alianzisha THARS, shirika la kuponya majeraha ya moyo na kupatanisha. Mwaka 2003 Wakweka wa Burundi na Rwanda pamoja na wenzao wa Marekani waliunda warsha za siku tatu zinazojulikana kwa kifupi cha HROC, ambazo baadaye zilifika Kivu ya Kaskazini, na Kenya baada ya ghasia za uchaguzi. Wahutu na Watutsi, waathirika na wafungwa walioachiwa, hukaa duara moja. Hujifunza kutuliza mwili, kisha huchora miti miwili: mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana. Mizizi, shina na matunda hutajwa na washiriki wenyewe, kutokana na yaliyowapata vilimani kwao.

Njia nyingine ilitoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ikapitia kambi za wakimbizi za Uganda kabla ya kufika Bujumbura. Mgonjwa hutandaziwa kamba sakafuni, nayo ndiyo maisha yake. Huweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila baya, kisha husimulia jiwe moja baada ya jingine, mpaka tukio liwe na tarehe na mahali pake na liache kumvamia kama la leo. Thomas Elbert, Anselm Crombach na wenzao waliitumia kwa wapiganaji wa zamani na kwa vijana waliowahi kuishi mitaani.

Si kila jaribio lilizaa matunda. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulifuatilia watoto 329 wa shule za Burundi, baadhi yao wakipewa vipindi 15 vya michezo, michoro na mazoezi ya kujihisi salama. Kwa jumla waliohudhuria hawakupata nafuu kuwazidi waliosubiri zamu yao. Vipindi vile vilikuwa vimeandaliwa kwa watoto wa vita popote duniani, vikafuata mpangilio mmoja kwa wote.

Picha ya nani?

Kanda nyingi za taswira humpeleka msikilizaji ufukweni: mchanga, mawimbi, upepo. Kwa mtu wa Bujumbura ziwa liko karibu, na wengi hupumzika huko Jumapili. Lakini mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikwama Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania chini ya mlima, kipindupindu kikiwashika, wakisubiri mitumbwi iwapeleke kwenye meli ya MV Liemba ielekee Kigoma. Kwa mmoja wao mawimbi yanaweza kuwa njaa na mtoto aliyezikwa ugenini. Akifumbishwa macho na kuambiwa asikilize maji, mwongozaji anaweza kumrudisha palepale alipotaka kumtoa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwongozaji ni kuuliza, na macho yafumbwe tu kama mwenyewe anataka. Mwingine atachagua shamba la migomba la bibi yake, mwingine sauti ya adhana ya Buyenzi, mwingine kwaya ya kanisa lake. Muuguzi anayemwandaa mgonjwa kwa upasuaji anaweza kuliuliza swali hilo kwa Kirundi au kwa Kiswahili ndani ya dakika chache, bila kanda wala mashine. Mipaka nayo ibaki wazi: uvimbe unataka kisu, maambukizi yanataka dawa, anayesikia sauti za kumwamrisha ajidhuru apelekwe Kamenge leo. Mgonjwa aambiwe hivyo mapema, ili hali ikizidi asije akajiona kuwa yeye ndiye aliyeshindwa.